Goti la Mama na Vidonge vya Wageni

Ijumaa, Mtoni. Mvua imekatika baada ya sala, joto limerudi, na dharau niliyoamka nayo haijapoa.

Bibi yangu, mkubwa wetu sote, ami zangu, shangazi zangu, ndugu zangu pamoja na wake na waume zenu: nayaandika hapa niliyowaambia ukumbini alasiri hii, asije akatokea mtu wa kusema hakusikia.

Mama ana goti la bandia. Limevimba, lina moto, na kufika chooni mpaka ashikwe. Ikiwa ndani mna bakteria, goti lile litatolewa, na kwa umri wake huenda asisimame tena. Ikiwa hamna, litabaki. Picha za kawaida zinaonesha uvimbe tu, hazisemi umetokana na nini.

Hospitali tuliyomwandikisha Dar es Salaam ina kipimo kinachojibu swali hilo. Mgonjwa hudungwa peptidi, yaani kipande kifupi cha protini, iliyofungwa chembe ya mionzi. Peptidi hiyo huwang'ang'ania bakteria walio hai, na kamera huifuata mionzi hadi walipokusanyika. Mionzi yenyewe ni kidogo, nayo hufifia kwa saa, si kwa miaka.

"Atarudi anawaka kama karabai," akasema Ami Haji. Ukumbi mzima ukacheka.

Mlicheka kwa sababu hamkuwapo jana, daktari aliponipigia simu kuuliza mama anameza dawa gani siku hizi. Nilimjibu kwa kujiamini kwamba hamezi kitu. Kisha nikafunua mto wake.

Vidonge vya rangi mbili. Nusu pakiti, robo pakiti, vingine vilivyobaki baada ya jipu la mtoto wa mtu kupona. Zamani mgonjwa alikaguliwa kwa kupelekewa machungwa. Nyinyi mmemkagua kwa antibayotiki mlizobakisha makabatini.

"Machungwa yatamfaa nini mwenye goti bovu?" akauliza Shangazi Zuwena, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Nilimweleza, na narudia. Dawa za kudonoadonoa haziwamalizi bakteria, zinawadhoofisha tu. Peptidi ikifika haikuti wa kutosha kuwashika, picha inatoka safi, nasi tunashangilia uongo huku goti likioza. Ndiyo maana daktari, nilipompigia tena kumwambia ukweli, amefuta miadi ya kipimo ya Jumatatu.

Hapo mama akaita kutoka chumbani, mlango ukiwa wazi: "Nshameza vingi, mwanangu. Kila ajaye hungoja anione nnameza, ndo aage. Ningewatemea mbele yao?"



Mwanamke asiyeweza kukunja mguu anameza takataka za watu ili asiwavunjie heshima, nao wanaondoka wameridhika, wakiamini wametenda wema. Huo mnauita upendo. Mimi sioni ndani yake ila uvivu uliovaa kanzu ya Ijumaa.

Na mimi ndiye mfamasia wa ukoo huu.

Pakiti ya kwanza niliipeleka mimi, bila kipimo wala cheti cha daktari, kwa sababu niliona haya kuingia mikono mitupu. Ilipokwisha nikadhani yamekwisha; kumbe mliniona, mkaniiga. Najidharau kwa hilo kuliko ninavyowadharau nyote, na bado dharau ya kuwatosha imebaki.

Uamuzi ni huu, na bibi ameuridhia. Daktari anataka wiki mbili kamili bila antibayotiki, ndipo ampime. Homa ikipanda, mama atapelekwa hospitali saa hiyo hiyo, hatapewa kidonge cha mtu. Kuanzia kesho asubuhi Ami Haji atakaa mlangoni pa chumba chake. Kila aingiaye, awe shangazi au mfamasia, atamwonesha viganja, mifuko na mkoba.

Asiyetaka kupekuliwa atamsalimia mama dirishani.