Neno Moja la Mjomba

Jumamosi, 3 Mei

Nimetoka sinema macho mekundu. Mimi! Mimi ninayewacheka wanaolia kwenye matangazo ya sabuni. Na aliyeniliza si steringi — ni Mjomba.

Mjomba, kaka yake Mama, ni fundi wa vyerehani. Pembeni anaigiza. Anaigiza maiti. Anajua kubana pumzi, basi mwongozaji akitaka mtu wa kulala chini ya shuka, anampigia simu. Nyumbani tunamwita Marehemu, na anaitika. Safari hii wamempa uhai: mlinzi wa geti. Na neno moja la kusema — "Karibu."

Steringi ni mjane, anarudi nyumbani kutoka kumzika mumewe. Peke yake. Mjomba anafungua geti, anamtazama, anasema: "Karibuni."

Karibuni! Na mtu ni mmoja! Kamkaribisha pamoja na mumewe, kama siku zote. Ukumbini hata waliokuwa wakila bisi wakaacha kutafuna. Nikalia mpaka Mama akanipa mtandio wake.

Filamu yenyewe hivi hivi tu. Mvua makaburini inamnyeshea steringi peke yake, wenzake wakavu. Na adui anacheka mwenyewe garini. Jamani, adui wa kweli ana muda huo?

Alhamisi, 8 Mei

Raha ya kukaa mapokezi kliniki ya meno: rimoti ni yangu. Leo nimeweka marudio ya kile kipindi cha vikaragosi kinachowadhihaki wakubwa. Kikaragosi cha waziri kinafungua mlango wa ofisi mpya, na sauti wameiga ya Mjomba kabisa: "Karibuni." Wakaingia shemeji, wakwe, binamu, na mbuzi! Mgonjwa mwenye ganzi kacheka pamba ikaruka.

Daktari katoka amenuna. Kasema hapa ni kliniki, na yeye upuuzi huo hautazami. Akabaki kasimama mlangoni mpaka kipindi kikaisha.

Wiki iliyopita walimcheka mfagiaji, nikazima. Dhihaka ya kumcheka mnyonge haina utamu. Ya leo nawapa kumi juu ya kumi.

Jumanne, 13 Mei

KATEULIWA! Mjomba anawania tuzo ya mwigizaji bora msaidizi! Kwa neno moja! Nilipiga kelele mapokezini, mtoto aliyegoma kufungua mdomo akaufungua kwa mshangao. Daktari kanishukuru.

Jioni kaja kwetu, na badala ya furaha, uso umemshuka. Mama kamsomea gazeti: mhakiki anasema ile "ni" ndogo ni kilele cha sanaa, mlinzi anamkaribisha na aliyekufa. Mjomba kaweka kijiko chini.

"Dada, mimi sikuwaza marehemu yeyote," kasema. "Yule mama alikuja na watu wa taa, wa kamera, na mwenye fimbo ya maiki. Walikuwa wengi. Ningemkaribisha mmoja, hao wengine niwaache nje?"

Mama kacheka hadi kashika ukuta. Mimi sikuweza. Machozi yangu yote yale — kwa ajili ya mafundi umeme!

Mwongozaji alipomkumbatia pale getini, Mjomba alidhani anapewa pole kwa kuharibu. Sasa anataka, akishinda, aseme ukweli jukwaani. Nimemsihi anyamaze. Ameanza kupigiwa simu, kuna mwongozaji anataka kumpa sentensi nzima, ya kumkaripia mkwe. Akijulikana alikosea, atarudishwa chini ya shuka. Kasema anajua. Miaka yote ile akiwa amefumba macho sakafuni, alikuwa anawasikiliza wenzake wakisema maneno yao na kutamani. Hakutania hata kidogo aliposema hivyo. Roho imeniuma.

Jumatano, 21 Mei

Mazoezi ya hotuba. Nimemkataza kuwashukuru majirani mmoja mmoja — ndiyo maana kwenye tuzo muziki huwafukuza watu. Pia asilie kabla ya kutajwa. Ukweli bado kauweka mwishoni mwa hotuba. Nikiutoa, anaurudisha. Mkaidi!

Jumamosi, 24 Mei

Naandikia gotini, humu humu ukumbini, taa hafifu. Mtangazaji wa leo anachekesha kwa nguvu. Gauni moja lina mkia mrefu, limekanyagwa na watu wawili wakubwa na mpiga picha. Tuzo ya muziki wa filamu kapewa asiyestahili, nitagombana na mtu kazini.

Lakini mlangoni! Kadi yetu ilisema watu wawili. Sisi wanne: Mjomba, Mama, mimi, na Daktari asiyetazama upuuzi, kavaa tai nyekundu. Mama kaanza kusema atangoja nje. Mlinzi wa mlango, mtu mzima, kasoma kadi. Katutazama. Kamtazama Mjomba, muda mrefu.

"Karibuni," kasema, akasogea pembeni.

Mjomba kamshika mkono hataki kuuachia. Tulipokaa kaniinamia. "Umemsikia mwenzangu, mwanangu? Tulikuwa wengi."

Nikalia tena. Neno lile lile! Na safari hii najua hakuna marehemu ndani yake, ni mtu tu hataki kumwacha mwenzake nje, na limenikamata kuliko mara ya kwanza. Nikamwambia, ukiitwa, sema vile vile kama ulivyomwambia Mama.

Kundi lake ndilo hili. Picha zimepita kwenye skrini, na ile "Karibuni" ukumbi mzima umeitamka pamoja naye. Mama ananibana kidole. Daktari anakula kucha, daktari wa meno! Mtangazaji ana bahasha, imegoma kufunguka, anatafuta wa kumsaidia.

Mjomba amesimama! Namvuta koti, hujaitwa. Anasema anajua, anampisha mama mmoja anarudi kitini kwake. Kamera imemwona amesimama. Uso wake umejaa skrini nzima. Watu wameanza kupiga makofi, mstari kwa mstari wanainuka, na bahasha bado haijafunguka, na Mjomba, kwa adabu zake, anainua mkono kuwaitikia —