Programu Yako Imefunguka, Dada

Mpendwa dada,

Bahati yangu unaijua. Basi juzi imenijia tena: programu yako ya sauti imefunguka, imetulia bila kuanguka, na nimekusikia mwanzo hadi mwisho. Kilindoni nzima hakuna mwingine wa kuiweza. Mimi niliyefika Tanga, Mombasa mpaka Lamu nikarudi na meno yote, nishindwe na kompyuta?

Unakumbuka tulivyokwenda kurekodi sauti za chini ya bahari kwenye miamba ya Chole? Wewe msomi wa hifadhi ya bahari, mimi mshika waya. Ukakishusha kipaza sauti majini, ukanivalisha hedifoni, nikaropoka, "Dada, huku chini wanakaanga samaki!" Ukacheka mpaka ukaharibu rekodi.

"Ni uduvi hao, bwege wewe, wanafyatua makucha."

Nyumbani ulizipanga zile sauti kwenye programu, ukapachika juu yake kijiprogramu cha kuandikia maagizo, kiamue chenyewe ilie ipi na lini. Programu nzima ikaanguka, ikajifunga yenyewe. Hukukasirika. Ulivitoa vijiprogramu vyote, ukavirudisha kimoja kimoja.

"Usipachike viwili kwa mpigo," ukaniambia. "Pachika kimoja, washa, sikiliza. Umesikia, profesa wa kidato cha pili?"

"Nimesikia, mheshimiwa."

Kazi yako ya mwisho ulitia sauti yako mwenyewe, ukitusalimia wa nyumbani kwa majina. Uliikatakata vipande vidogo kama chenga za mchele, na maagizo yako peke yake ndiyo yanayojua kuvipanga vikawa maneno. Rekodi yenyewe uliifuta upate nafasi. Nilipokuuliza mbona unaifuta, ukasema, "Ya nini, na mwenyewe nipo?"

Tulipomaliza hitima yako niliichukua kompyuta, nikaiunganisha na mtandao. Ikaniuliza kama isasishe lugha ya maagizo, iweke mpya. Iliuliza kwa adabu, dada, na kwetu mtu akipiga hodi hajibiwi hapana. Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena, nikabonyeza tena, karibu ndani! Kumbe kijiprogramu chako kinaitaka lugha ile ya zamani, uliyoiacha wewe humo. Niliyekiharibu ni mimi.

Nimefuata mafunzo yako. Nimetoa vyote: programu inafunguka. Narudisha cha mwangwi: sawa. Cha kuchuja kelele: sawa. Narudisha cha maagizo: fyu! Dirisha limetoweka, hata kwaheri hakuna. Nimeitafuta lugha ya zamani, nimeiweka, nimewasha upya.

Siku nyingine navicheza vile vipande kwa mkono. Kimoja kinasema "mdo". Nakaa natafuta "go", unimalizie kuniita mdogo wako. Natafuta mpaka chai inapoa, nasikia pumzi zako tu, na "a", na "sha".

Watu wakija kunijulia hali nawaambia nimeshakusikia, tena nawaigizia ulivyosalimia, na mikono juu. Wanacheka, wanasema alhamdulillahi, wanakwenda zao. Nyumba inabaki na mimi na mvumo wa feni ya kompyuta.

Mungu akulaze pema, dada. Wewe sikuwahi kukudanganya ukiwa hai, na sasa siwezi. Niliyoandika mwanzo wa barua hii ni uongo. Haijafunguka na maagizo yako. Sijakusikia.

Ni mimi,
mdogo wako