Filamu ya Mpwa Wangu Haikuwa na Hadithi, Nikaipa Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ingawa ujue tangu mwanzo kwamba mtu wa cheo changu huwa anaombwa, haombi, maana katika mji wetu hakuna aliyewahi kulia mbele ya sinema kabla koo langu halijamwonyesha pa kulilia, na nasema hivi bila majivuno, uliza yeyote. Mimi ndiye mwenye banda la video nyuma ya soko, na kazi yangu ni kusimama kando ya pazia na maiki mkononi wakati filamu za ng'ambo zinaonyeshwa, niwaeleze watu kwa lugha yao nani kasema nini na kwa nini anastahili kipigo. Wananiita Mjomba Spika. Shule niliiacha mimi, siyo yenyewe iliyoniacha, na lugha za filamu hizo sizijui hata moja, jambo ambalo halijawahi kunisumbua mimi wala wateja wangu. Kuna mchana umeme ulikatika vita vya kwenye filamu vikiwa vimepamba moto, nikaendelea kusimulia gizani mpaka shujaa akaoa, na umeme uliporudi watu wakapiga kelele nizime mashine, eti picha zinawachanganya.

Sasa nina mpwa, binti wa dada yangu, ambaye tangu utotoni anachora kila kitu kinachokubali kukaa kimya, alichora kuta za jikoni kwa mkaa mpaka dada yangu akaacha kupaka chokaa. Leo ni mtu mzima, yeye na wenzake wawili wamepanga chumba juu ya duka la vioo, kompyuta zinanguruma mchana kutwa na madirisha wameyaziba kwa maboksi, na humo ndani wametengeneza filamu ya katuni, ya mambo ya ajabu, wakaitolea ujana wao wote. Mshauri, mimi nimeona filamu nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu, lakini uzuri ule sijawahi kuuona. Kuna msichana mwenye nywele za moshi, akigeuza shingo nywele zinachelewa kidogo ndipo zinafuata. Kuna mji mzima uliojengwa ndani ya gamba la konokono, na mvua yake haishuki bali inapanda, inatoka kwenye madimbwi inarudi juu tone kwa tone, na kila tone lina taa ndani yake. Mama muuza bisi alisahau kuuza bisi.

Lakini hadithi, mshauri wangu, hadithi hakuna! Msichana anatoka kwao, kwa nini, hatuambiwi. Anatembea, anatazama mbali, upepo unampiga, anatembea tena. Anakutana na bibi aliyeumbwa kwa chumvi, bibi anamtazama, naye anamtazama bibi, hakuna anayefungua mdomo, na sisi tuliolipa kiingilio tunawatazama wote wawili. Halafu linakuja zimwi la kivuli ambalo hatujui tumelikosea nini.

Mpwa wangu mwenyewe ndiye aliyeniomba aionyeshe kwanza bandani kwangu, kwa ndugu na majirani, kabla haijapelekwa ukumbi mkubwa wa mjini, ambako Jumamosi inayokuja itatazamwa na watu wanaonunua filamu. Akanisihi, "Mjomba, leo maiki ipumzike." Nikasema sawa, na nilisema kwa moyo safi kabisa. Ila niliishika tu mkononi, kwa mazoea, kama mtu anavyoshika funguo zake. Basi dakika za mwanzo watu walikuwa wameachama midomo, baadaye nikaanza kusikia mabenchi yanalia, mtu akihangaika kukaa benchi linalia, hiyo ni sauti ninayoiogopa kuliko polisi. Mama muuza bisi akauliza kwa sauti, "Jamani, huyu mtoto anakwenda wapi?" Fundi viatu akamjibu, "Amepotea mama, na sisi tumepotea naye." Watu wakacheka. Kisha wengine nyuma wakaanza, "Mjomba Spika! Mjomba Spika tuokoe!"

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikawasha.

Nikamwambia kila mtu kwamba msichana ana mdogo wake wa kiume aliyemezwa na kivuli siku alipotumwa maji, na ndiyo maana haangalii nyuma, anaona haya kwa sababu zamu ya kuteka maji ilikuwa yake. Mabenchi yakanyamaza yote kwa mara moja. Na bibi wa chumvi aliposimama kwenye ile mvua na kuanza kuyeyuka, nikashusha sauti mpaka chini kabisa, nikamfanya bibi aseme, "Mjukuu wangu, pita chini yangu, mimi nilishajua nitaishia kwenye maji, bora niishe nikiwa nimemfunika mtu." Mshauri, fundi viatu alijifuta uso kwa kitambaa chake cha kupakia rangi viatu akabaki mweusi kama zimwi la filamu, na hakuna aliyemcheka, kila mtu alikuwa na uso wake wa kushughulikia. Filamu ilipokwisha walisimama wakapiga makofi mpaka bati likatikisika, na mimi nikainamisha kichwa kidogo, kwa adabu.

Mpwa wangu hakupiga makofi. Alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake begani. Nikamfuata nje nikimchekea, nikamwambia, "Umeona mama? Filamu yako imewaliza!" Akasema, "Yangu haijaonekana, mjomba. Walichokiona ni chako." Nikamwambia ashukuru ana mjomba mwenye kipaji. Akasema, "Hadithi ilikuwa kwenye picha." Nami nikamjibu, "Mwanangu, picha nimeziona, hadithi ndiyo sikuiona, na wenzangu mule ndani hawakuiona pia, labda ilikaa nyuma ya nguzo." Hapo ndipo machozi yakamjaa machoni, akaniuliza swali ambalo mpaka leo linanikaa kooni kama mfupa. Akasema, "Yule bibi ulimtambua?"

Bibi wa chumvi, mshauri, ni mama yangu mzazi. Alimchora bibi yake, na kilemba chake kilichofungwa upande, na ule mkono aliokuwa akiuweka kiunoni akichoka, mama ambaye tulimzika na mpwa wangu huyu ndiye aliyemuuguza. Nikasema, "Nilimtambua palepale, mtu atashindwaje kumtambua mama yake?" Akasema, "Basi kama ulimtambua ni vibaya zaidi. Bibi hakuwa msemaji, mjomba. Msemaji ni wewe. Nikiwa na homa alikaa kando ya kitanda changu tangu asubuhi mpaka jioni bila neno moja, na mimi nimechora ule ukimya, nimeuchora mpaka vidole vikafa ganzi, halafu wewe umempa hotuba." Akaondoka. Tangu siku hiyo nikipiga simu haipokei, na dada yangu ameniambia mtoto kaapa kwamba nikiigusa filamu yake tena, neno mjomba halitatoka mdomoni mwake, atakuwa ananiita yule mzee wa banda.

Mimi siombi radhi. Naandika wazi, sina kosa! Filamu isiyo na hadithi ni harusi isiyo na bibi arusi, hema zuri, viti vizuri, tumekaa tunangoja. Na kama unafikiri najipendelea, sikia hili. Wale wenzake wawili wa chumba kimoja walikuja bandani juzi, shikamoo mjomba, marahaba wanangu, wakakaa ukingoni mwa benchi kama watu waliokuja kuposa, wakaniambia hadithi ni dhaifu kweli, wao wenyewe walijua tangu walipokuwa wakichora, wakaogopa kumwambia kwa sababu yeye ndiye mwenye wazo. Sasa wananiomba Jumamosi niingie ukumbi mkubwa kwa mlango wa nyuma, wataniwekea maiki kule chumba cha mitambo, nisimulie kama nilivyosimulia, na yeye atajua filamu ikishaanza, akiwa hana la kufanya. Wanasema bila mimi wanunuzi watasinzia na kazi yote itaishia kwenye kabati. Nimewaambia nitawajibu. Dada yangu anasema, "Nenda uone kama utakuwa na mpwa Jumapili." Mke wangu anasema mimi naipenda maiki kuliko ndugu, lakini yeye husema hivyo hata nikiongea na simu.

Sasa nikae nyumbani mtoto wa dada yangu aaibike mbele ya wageni, au niende nimwokoe kwa nguvu, anichukie akiwa amefanikiwa? Mimi naelekea kwenda. Nataka tu wewe uniambie ni sawa, maana gazeti lako dada yangu analisoma.

Kuna kitu kimoja kidogo, na usikikuze. Mimi nikisimulia, au hata mabenchi yakianza tu kulia, huwa naangalia watu, siangalii pazia, mgongo wangu ndio unaoangalia sinema. Nikitaka kujua kinachoendelea nachungulia mara moja begani, kama dereva, nageuka. Siku ile nilipochungulia niliona kitu cheupe kinayeyuka mvuani. Kilemba sikukiona. Mkono wa kiunoni sikuuona, hayo yote nilisimuliwa baadaye na dada yangu. Nilimwambia mtoto kwamba nilimtambua mama yangu palepale, na mpaka naandika barua hii sijui mama yangu amechorwaje.

Mjomba Spika

MSHAURI ANAJIBU:

Mjomba Spika, umeandika kurasa nzima za kujisifu ili ufike kwenye mistari michache ya mwisho. Ungeanza nayo tungeokoa wino.

Tukubaliane kwanza pale ulipo na haki, usije ukaniambia nimekuonea. Ninavyokuelewa, filamu ile ina upungufu. Mtu akitoka kwao, mtazamaji ana haki ya kujua anakwenda wapi, na konokono awe mzuri namna gani, hawezi kulijibu swali hilo. Mama muuza bisi aliuliza vizuri kuliko wasomi wengi. Lakini kuona kasoro ya kitu hakukufanyi wewe kuwa mwenye kitu. Fundi akiona nyumba ya jirani imepinda, haingii na nyundo wakati wenyewe wako mezani.

Na usijifunike na neno kuokoa. Ungetaka kuokoa ungemwambia mpwa wako siku ya pili, mmekaa wawili, kwa sauti ya kawaida isiyopitia spika. Wewe ulitaka makofi, ukayapata, na sasa unataka ya ukumbi mkubwa. Hata kile kilio cha fundi viatu, mzee wangu, kilikuwa cha mama yako aliyechorwa na mtoto, pamoja na maneno yako. Huwezi kukibeba nyumbani peke yako.

Wale wenzake wawili ndio wanaonikera zaidi. Walijua, wakanyamaza, wakamwacha mwenzao aendelee kuchora kitu walichojua kinavuja, sasa wanataka wewe uwe mwizi wa mlango wa nyuma ili wao wabaki na mikono misafi. Leo hii, kabla hujafunga gazeti hili, wapigie useme hapana. Usieleze sababu. Najua itakuuma kusema neno moja tu, jikaze.

Kisha nenda kwenye kile chumba juu ya duka la vioo. Mchana, bila maiki, bila mke wala dada wa kukuombea. Mpwa wako akifungua mlango, usimsalimie kwa mzaha. Mwambie maneno yaleyale uliyoniandikia mimi, kwamba ulidanganya, kwamba hukumtambua mama yako kwa sababu ulimpa mgongo. Usiongeze kitu. Halafu muombe akuonyeshe filamu yote. Akikataa, rudi nyumbani, kesho uende tena uombe tena. Akikubali, kaa, ikalie mikono yako ukiona inatafuta kitu cha kushika, na bibi wa chumvi akisimama mvuani, mtazame mpaka aishe. Utatamani kumpa neno. Usimpe.

Ikimalizika, nyamaza wewe mpaka aongee yeye. Akikuuliza, na asipokuuliza shauri lake, ndipo umpe kitu ambacho wenzake hawana. Siku ile katika banda lako watu wote walikuwa wakitazama pazia, na mtu mmoja tu alikuwa akizitazama nyuso zao. Unajua benchi la kwanza lililia picha gani ikiwa inapita. Unajua fundi viatu alianza wapi kuangalia mlango, na mama muuza bisi aliishiwa subira wapi. Mwambie hayo, mahali kwa mahali, kisha umwachie. Dawa ataitafuta mwenyewe, kwa kalamu yake, hata kama Jumamosi imekaribia mno na filamu itaonyeshwa hivihivi ilivyo. Ikianguka, ianguke ikiwa yake. Ataamka, atachora nyingine, na safari hii huenda akamtafuta mtu wa kumsikiliza kabla hajamaliza.

Na Jumamosi hiyo nunua tiketi kama watu wengine, upite mlango wa mbele, ukakae safu ya kwanza kabisa, karibu na pazia, mahali ambapo huwezi kuuona uso wa mtu hata mmoja.