Mama wa Nje ya Mlango

4 Oktoba

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Natumaini mu wazima, na kile kifua chako kimetulia. Mimi sijambo. Mikono tu ndiyo imechubuka kwa sabuni ya vyombo vya hotelini, na huo nao si ugonjwa wa kumwandikia mtu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kugombana, na mwanangu Kijiko akisikia sauti yangu analia mpaka anatapika. Tulikubaliana nisipige mpaka azoee kukaa kwako. Nimetii. Bado analala na kijiko chake mkononi? Usimnyang'anye. Ukimnyang'anya atatafuta uma.

Sasa usicheke. Nimeanza kazi nyingine, ya kuandika hadithi. Kuna vijana wanatengeneza michezo ya simu, wana kundi lao mtandaoni. Nikaweka tangazo: "Naandika hadithi za michezo. Sijasomea. Ya kwanza bure." Mmoja akajibu, "Tunataka mwandishi, hatutaki bibi wa kusimulia." Nikamwambia, "Bibi yangu angekuwa hai usingemmudu." Wakacheka, na mmoja wao akaniita. Jina lake halisi sijalishika, namwita Miwani, maana nadhani hata kuoga anaoga nayo.

Ofisi yao ni chumba kimoja juu ya duka la matairi. Waya zimelala sakafuni, ukipita unapiga hatua kama kuku. Miwani alitaka mama wa kwenye mchezo afe mwanzoni. "Mama akifa, mchezaji anapata sababu ya safari." Nikasema mama asife, awe nje ya mlango. Mtoto yumo ndani ya nyumba kubwa yenye giza, anatafuta funguo chumba kwa chumba, na mama yuko nje anamsemesha. Akanitazama, akasema, "Haya, jaribu."

Wakiipenda wananichukua moja kwa moja. Hapo nitapata chumba ambacho mwenye nyumba hakatazi watoto, nami nitakuja kumchukua mwanangu. Nipe mpaka shule zifunguliwe, dada.

Mdogo wako

19 Oktoba

Mdogo wangu,

Tu wazima, kifua kinakwenda kinarudi. Shemeji yako anakusalimu.

Hadithi! Ulikuwa unaunguza mboga kwa kuwaza mambo yasiyokuwepo, tukala masizi nyumba nzima, na leo kuna watu wanataka kukulipa kwa ugonjwa ule ule? Au bado mko kwenye ile "ya kwanza bure"?

Kijiko hajambo, mashavu yamejaa. Nimemshonea gauni kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, lina mfuko wa kijiko. Juzi ameniita mama. Sikumfundisha. Nilikuwa na pini mdomoni, nikashindwa hata kuitika.

Sasa nisikilize. Mtoto si mzigo wa kuachwa stendi mpaka mwenyewe apate nauli. Shule zikifunguliwa nitamwandikisha hapa kama mtoto wetu, na hatahama tena. Nimelizungumza na shemeji yako. Mungu hakunijalia kuzaa, unajua, na sitaki mtoto wa kuazimwa, nimzoee halafu aje kuchukuliwa kama sufuria ya jirani. Ukiwa na kazi inayoeleweka na chumba kabla ya siku hiyo, njoo. Ukiwa na hadithi tu, baki nayo.

Dada yako

6 Novemba

Shikamoo dada,

Habari za hapo? Huku tunaendelea. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini. Akikuita mama si kosa lake wala lako. Lakini nilipofika pale kwenye pini, dada, nililia, sitakuficha.

Nikueleze kazi ilivyo, usione ni hewa. Kwenye mchezo kila njia lazima iwe na jibu. Mtu akifungua kabati, uandike. Asipofungua, uandike. Na akikaa tu, hagusi kitu? Wengi hapo huweka neno moja, "Haya, twende," basi. Mimi nikaandika mengi. Ukitulia, mama wa nje ya mlango anaanza taratibu: "Upo? Nakusikia unapumua. Sina haraka, mwanangu. Vua viatu kama vinabana." Anaendelea hivyo, anakuambia mvua imekatika, anakuambia kuna mende anapita karibu na mguu wake na hamwogopi, halafu maneno yakiisha yanarudi mwanzo. Mwigizaji bado hajapatikana, wakaniambia nisome mimi kwa muda, sauti irekodiwe. Nilisomea chooni, maana kwingine kote unasikia matairi yakigongwa. Miwani ananung'unika: "Nani atasimama bure kwenye mchezo kumsikiliza mama?"

Nimemtumia shemeji mchezo wa majaribio kwenye ile simu yake ya zamani, mwone kwa macho yenu. Umegawiwa watu wachache, na Miwani anaona kwenye kompyuta kila simu imefika chumba gani. Ucheze, dada. Kisha uniambie ukweli, nawe hujawahi kuninyima huo.

Mdogo wako

21 Novemba

Dada,

Hujambo? Kimya chako kinanitisha. Ni kifua, au ni mimi?

Huku mambo ni mazito. Kuna mchezaji amekwama. Wenzake wote wameshapanda vyumba vya juu. Huyu kila siku anafungua mchezo, anasimama chumba cha kwanza, hagusi kitu, mpaka anafunga. Miwani alinigeuzia kompyuta: nukta nyekundu, pale pale.

"Hadithi yako imemshinda mtu," akasema. "Hajui afanye nini."

"Labda ni mzee."

"Mzee au kijana, amekwama. Na mtu akikwama mlangoni, ni kosa la aliyejenga."

Ijumaa wanaamua kama watafute mwandishi aliyesomea. Nimeandika upya chumba chote. Wameniwekea taa, wameniwekea na paka wa kumwonyesha njia. Nukta haitikisiki. Nikiosha vyombo namuwaza. Namwambia kimoyomoyo, sogea basi, ndugu yangu, hatua moja tu, unanikosesha mtoto.

Mdogo wako

23 Novemba

Mdogo wangu,

Leo sisalimii.

Tulikubaliana nini? Hakuna sauti. Umefungiwa mlango ukapitia dirishani!

Nilidhani mtoto anacheza. Niko kwenye cherehani, namwona amejikunyata chini ya meza ya kukatia, simu iko sikioni, mkono mwingine umeshika kijiko. Nikamwambia, "Cheza basi." Akaweka kidole mdomoni: "Shhh! Nikigusa atanyamaza."

Nikaichukua, nikasikiliza. Ni wewe. "Sina haraka, mwanangu." Kweli huna!

Tangu mchezo huo uingie humu hajaniita mama hata kwa bahati mbaya. Wali wake anataka aulie chini ya meza. Nimeufuta. Simu nimeifungia kabatini, na shemeji yako nimemwambia asinitetee mtu. Usiniandikie mpaka mwaka mpya, na mwaka mpya ukifika mtoto atakuwa shule ya hapa.

Dada yako

2 Desemba

Dada,

Najua umenikataza. Nisamehe kwa kukuandikia, na kwa yale ya nyuma yake. Nakuapia sikupanga. Nilituma ule mchezo uone kazi, sikuwaza kwamba sauti nayo inasafiri. Kichwa changu unakijua, ni kile kile cha mboga.

Ijumaa niliingia ofisini na barua yako kifuani. Miwani akaniambia hata kabla sijakaa, "Yule wako kaufuta mchezo. Kachoka." Nikatazama kompyuta, nukta haipo. Dada, nilikaa juu ya waya zao.

Nikamwambia, "Hakukwama. Ni binti yangu. Alikuwa anasikiliza."

Akavua miwani. Kumbe ana macho. Akaifuta kwa shati, kisha akafuta tena. "Mimi nilikuwa natafuta kosa," akasema. Wenzake hawakukubali wote, mmoja alisema mtoto wa mtu mmoja si soko. Walibishana mpaka fundi matairi akagonga dari kwa fimbo. Mwishoni wakasema maneno ya mama yabaki, nami nibaki nao mpaka mchezo utoke, baada ya hapo tutaona. Si ahadi ya milele. Ni kazi.

Na chumba nimepata, nyuma ya fundi viatu. Mlango unalia kama mbuzi, lakini mwenye nyumba ana watoto wake, wanakimbia uani siku nzima.

Sitakuja kumvuta mtoto mkono mbele yako. Naomba jibu tu. Anakula? Kama ameacha kuniulizia, niambie na hilo. Nitalimeza.

Mdogo wako

11 Desemba

Dada,

Hujajibu. Nakutakia afya.

Miwani anataka nimalizie. Ufunguo wa mwisho umepatikana, mlango unafunguka, mtoto anamwona mama. Anamwambiaje? Nimekaa mbele ya karatasi tangu jana. Mama wa kungoja naweza kumwandika hata usingizini. Mtoto akishatoka, sijui anasema nini.

Mdogo wako

20 Desemba

Mdogo wangu,

Salamu. Sote tu wazima, isipokuwa shemeji yako amenuna, anapita humu ndani kama mpangaji.

Kijiko anakula. Nilipoufuta ule mchezo alilia, kisha akatulia, nikasema haya, amesahau. Halafu nikawa namsikia. Anakwenda kukaa nyuma ya mlango wa mbele, anasema maneno yako yote, mpaka mende, na yakiisha anaanza upya kama ile simu. Nikasema anacheza, ataacha.

Jana nilikuwa nje naanua nguo, upepo ukaubamiza mlango, kitasa kikajifunga. Nikasukuma. Kutoka ndani nikasikia: "Upo? Nakusikia unapumua. Sina haraka, mama. Vua viatu kama vinabana."

Nilisimama na nguo za watu mikononi. Nikasema, "Ni mimi, mama mkubwa."

Akasema, "Aa. Pita." Akafungua, akasogea pembeni, kama mtu anavyompisha mgeni.

Pini nimezishika mdomoni miaka yote hii, hakuna iliyonichoma kama hiyo "aa." Mtoto hakuwa anakuigiza, mdogo wangu. Anaamini wewe ndiye uliyefungiwa, na yeye ndiye anayekutuliza usiogope.

Sitamwandikisha hapa. Nimemshonea gauni la safari, mifuko nimeifanya mikubwa, kijiko kisidondoke njiani. Likizo zote ni zangu, na hapo sikuombi, nakuarifu. Mafuta ya mlango huo wa mbuzi nitanunua mimi, nije niupake mwenyewe, maana wewe utaanza kupaka ukaishia kuwaza.

Uliuliza mtoto akishatoka anasema nini. Sijui. Hilo ni lako kulisikia.

Sasa hivi yuko pale mlangoni, anakwambia hana haraka. Usimsikilize. Panda gari.

Dada yako