Injini ya Silinda Nane na Sifa Niliyokunyima

Kokugonza mwanangu,

Ningeweza kukupigia simu, kama ninavyofanya kila Jumapili tukitoka kanisani. Lakini ninalotaka kukuambia nataka walisikie na watu wa Kemondo, kwa sababu kosa nililifanya mbele yao. Ndiyo maana barua hii naiacha wazi, aisome yeyote.

Unakumbuka boti yetu ilivyokuwa kabla hujaigusa. Niliiunda kwa mikono yangu, nikaifunga injini ndogo ya silinda nne, na kwa miaka mingi ilipeleka watu kisiwani Bumbire na kuwarudisha. Kisha ikachoka. Upepo ukiwa wa mbele, ilihangaika na mawimbi mpaka abiria wakaanza kunionea huruma, na abiria akishakuonea huruma hakawii kuhamia boti ya mwingine. Wewe ulikuwa umemaliza chuo cha ufundi Mwanza. Ulirudi nyumbani Kitendaguro na sanduku la spana, na habari za injini kubwa ya petroli, silinda nane, yenye kabureta, iliyotolewa kwenye boti iliyopasuka huko.

Nilikataa. Nilisema uzito ule utaipeleka boti chini, na hata ikinusurika na uzito, nguvu itaing'oa mbao. Hukubishana. Ulilala kifudifudi ndani ya boti siku mbili, ukipima, ukachora kila kitu nyuma ya karatasi ya kalenda. Jioni tukila ndizi zetu za ebitoke uliuacha mchoro karibu na sahani yangu, nami nikautazama huku nikijifanya siutazami.

"Tata," uliniambia, "boti hii uliijenga imara kuliko unavyojua. Inachohitaji ni kitanda kipya cha injini tu."

Hapo ndipo uliponishinda. Ni muda mrefu hakuna mtu aliyekuwa ameisifu kazi yangu akiwa amelala juu yake na kuikagua ubao kwa ubao.

Tulifanyia kazi ufukweni Kemondo, na kila mtu aliyepita alikuwa na ushauri. Uliweka mbao nene za mvule kuanzia mbele hadi nyuma, ili uzito usikae sehemu moja. Ulihamisha betri na tangi mbele, boti isikalie mkia. Ulibadilisha shafti na panga lake la kusukuma maji, kwa sababu yale ya zamani yasingehimili nguvu mpya. Mimi niliyeanza kuunda boti kabla hujazaliwa nilikuwa nakubebea mbao, na moyoni nilikuwa nimeshaanza kujivuna, ila sikusema. Jambo moja tu nililigomea. Ulitaka tangi la zamani la mafuta litupwe. Nikasema tangi lile ni zima, na mwenye boti ni mimi.

Siku ya majaribio uliwasha feni ya kutoa mvuke wa petroli, ukanizuia nisiguse swichi mpaka mvuke uishe. Kisha injini ikaitika. Sauti ile niliisikia kifuani kabla ya kuisikia masikioni. Boti iliinua pua, nami nikashika ubao wa kiti kwa mikono miwili, mzee mzima, nikicheka peke yangu.

Tulipotoka nje ya ghuba, injini ilikohoa, ikazima. Mawimbi yakatugeuza ubavu. Ulifungua mfuniko, ukaacha upepo upite, ukafungua kabureta, ukanyoosha kiganja. Kulikuwa na uchafu mwekundu. Kutu ya tangi langu. Nilisubiri uniambie ulilokuwa na haki ya kuniambia.

"Nishikie hizi, Tata, zisidondoke," ndilo ulilosema.

Nilizipokea skurubu za kabureta kwa viganja viwili, kama mtu anayepokea meza ya Bwana. Ulisafisha kabureta, ukachomeka mpira kwenye dumu la mafuta safi ulilokuwa umekuja nalo bila kuniambia, na injini ikawaka.

Tuliporudi, watu walikuwa wamejaa ufukweni. Mwenyekiti wa wenye boti alinishika mkono akasema, "Mzee, kweli wewe ni fundi. Hapa hakuna mwingine angeiweza kazi hii." Nami nikajibu, "Asante." Basi. Ulikuwa hatua mbili tu kutoka pale, unafunga kamba. Niliona mikono yako imesimama kidogo, kisha ikaendelea. Tulirudi Kitendaguro, ukamwambia mama yako safari ilikuwa nzuri. Mwezi uliofuata ukapata kazi kwenye karakana ya meli, ukaondoka.

Tangi nililibadilisha wiki ileile, kimyakimya. Tangu hapo boti haijanigomea. Tunafika Bumbire chai ya kwenye chupa ikiwa bado inaunguza. Kila ninapowasha injini ile, nakuona wewe. Na kila aliponisifu mtu, nilitamani ardhi inifunike.

Wiki iliyopita alikuja mfanyabiashara kutoka Nshamba, ambaye boti yake inafanya kazi visiwa vya Muleba. Anataka nimfungie injini kama yetu. Mwenyekiti alikuwepo, na wengi wa siku ile. Niliweka randa chini.

"Fundi si mimi," nikamwambia. "Fundi ni binti yangu Kokugonza. Mimi nilibeba mbao na kung'ang'ania tangi lenye kutu."

Walicheka, wakidhani ni unyenyekevu wa uzee. Nikawasimulia yote, kuanzia kalenda hadi skurubu, mpaka kicheko kikaisha. Mwenyekiti akaniuliza kwa nini siku ile nilinyamaza. Nilimjibu kwamba niliona aibu kuzidiwa na mtoto wangu, na imenichukua muda huu wote kuelewa kwamba hakuna heshima kubwa kuliko hiyo ambayo baba anaweza kupewa.

Nisamehe, mwanangu.

Yule bwana wa Nshamba anauliza unakuja likizo lini. Nilimwambia nikiweza nitaanza kumwandalia mbao. Amekataa. Amesema boti yake isiguswe na mtu yeyote kabla hujafika, hata mimi. Nimezunguka mtaa mzima nikiwarudia watu maneno hayo.

Mama yako anakusalimu, anasema ule vizuri. Kaa salama huko Mwanza.

Ni mimi,
Baba yako