Mkeka Niliowatandikia Wageni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, huko uliko. Juzi nilifika mbugani kwetu, kwenye kile kinamasi ulikokuwa ukienda kukata ukindu wa kusukia mikeka kabla hakijaingizwa kwenye hifadhi ya Mikumi. Nilikwenda na wanafunzi wangu kwa gari la shule. Masika yamekwisha, na nyasi zimejaa maua ya njano na ya zambarau mpaka nikasita kukanyaga. Majini mayungiyungi yamefunguka. Wewe ungeyapita tu, ukauliza ukindu uko wapi.

Upo, mama, umenipita kimo. Nilimwomba askari wa hifadhi anikatie majani mawili matatu. "Mwalimu, hapa hata ua halichumwi," akanijibu kwa upole. Wanafunzi wakacheka. Nikacheka nao, lakini roho iliniuma.

Unaukumbuka mkeka wako mweupe, usiotiwa rangi? Uliusuka mwenyewe kwa ajili ya maziko yako, kama walivyofanya wanawake wa kwetu, ukauweka darini. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa karibu na Rudewa uliacha kinu, ukaacha kuku, mkeka ukaubeba kichwani. Mwezi uleule wakaja wageni kutoka wilayani. Mwalimu wetu akataka kila nyumba itoe kitu cha kupamba mkutano, nami nikautandika mbele kabisa. Waliukanyaga na viatu vyao vya matope.

Majirani walikuja juu, wewe ukawanyamazisha. "Mwacheni. Mtoto hakujua."

Uliufua mtoni, kisha ukautandika jikoni, kwa kuwa mkeka uliokwisha kukanyagwa hauziki mtu. Hukusuka mwingine. Ukindu ulikuwa mbali, tena umekatazwa. Siku yako ilipofika tulikuzika kwa mkeka wa dukani, wa rangi nyekundu na kijani. Watu walisema ni mzuri. Mimi nilishindwa kuutazama.

Sasa nikwambie, maana sikuthubutu ukiwa hai. Nilijua, mama. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na ulikwisha kunionyesha mkeka ule na kuniambia ni wa nini. Nilitaka mwalimu anisifu, na alinisifu. Wewe ukanisitiri mbele za watu, nami nikakuacha ufe ukiamini kwamba sikujua.

Nisamehe. Nakupenda sana.

Mwanao,
kifungua mimba wako