Nyundo Nayo Ilale

Tonton Faustin,

Najua utauliza kwanza habari za karakana. Ipo, hapa hapa Anderlecht, Brussels, na bango lako la kijani halijaguswa. Maman Odile, mke wako, amenikabidhi ufunguo pamoja na ile pimamaji yako ya mbao. Kikombe chako cha kahawa nilikivunja mwenyewe, wiki mbili baada ya kukuzika. Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto. Haya, sasa umejua yote, usianze kunitafutia makosa mengine.

Au subiri, lipo moja, na ndilo linaloniandikisha barua hii.

Ile timu yako ya wajenzi wa kujitolea haikufa nawe. Majira ya joto tulisafiri kama ulivyopanga, hadi kile kijiji cha Wainuit kaskazini kabisa ya Québec, Canada, kumalizia ukumbi wa vijana. Niliongoza mimi, lakini kwa muda tu. Tukirudi Brussels, timu ingechagua wa kushika nafasi yako moja kwa moja. Sikufichi, Tonton, niliitaka. Mwanafunzi wako kwa miaka tisa, nani mwingine? Niliitaka mpaka nikawa wa kwanza kuamka na wa mwisho kuosha mikono.

Ikafika Jumapili. Unakumbuka ulivyokuwa unatukusanya siku ya mapumziko, unafunga sanduku la vifaa na kusema: “Bon, leo marteau ilale. Nyundo nayo inachoka.” Miaka yote niliamini ni magoti yako ya kizee yanayosema. Basi wenzangu wakaenda kuvua samaki na wenyeji, mimi nikasingizia kichwa kinauma.

Ule ukumbi umesimama juu ya nguzo fupi za chuma, na chini yake pana uwazi wa kimo cha goti ambapo upepo unapita unavyotaka. Mimi mtoto wa Lubumbashi, nyumba ninayoijua inakaa chini ikatulia. Nikajiambia waliotutangulia walikuwa wavivu, na watoto wa watu watagandishwa miguu. Nikachukua mbao zilizobaki nikaanza kuziba. Upande wa kwanza, wa pili, na nusu ya wa tatu. Na pimamaji yako mkononi! Zilinyooka, Tonton, ungezipiga picha.

Mchana akapita Maman Lucie, bibi wa pale aliyekuwa akituletea chai. Akainama, akatazama, akaniambia kwa Kifaransa chake cha taratibu kwamba udongo wa chini umeganda miaka yote, na joto la nyumba likikosa upepo wa kulipoza litauyeyusha. Nyumba itazama upande mmoja na kupasuka. “Huku kwetu,” akasema, “baridi ndiyo inayoshikilia nyumba.” Kisha akauliza nani aliniambia nizibe.

Hapo nikakusikia kabisa: “Alors, Béa, ulimuuliza nani?”

Sikumuuliza mtu. Niliona aibu hadi masikio yakawaka, kwenye baridi ile!

Wenzangu wangerudi jioni. Nilikuwa na muda wa kutosha kubomoa kila kitu na kurudisha mbao mahali pake. Nikang'oa msumari wa kwanza. Nikajiona: siku ya mapumziko, peke yangu, nyundo mkononi, nikificha kosa la nyundo ile ile. Siku unayojenga peke yako hakuna wa kukuuliza unafanya nini. Kumbe si magoti yako yaliyokuwa yakifunga sanduku la vifaa kila Jumapili. Maman Lucie alikuwa ameniambia kuwa siku moja haitayeyusha kitu, kwa hiyo nikaziacha mbao pale pale, waziwazi, nikaenda kwake kunywa chai.

Waliporudi na samaki wao niliwaambia kabla hawajavua viatu. Nikasema moyoni, nafasi imekwenda hiyo. Halafu Jeroen, fundi wetu wa mabomba, akazunguka ukumbi mara mbili na kusema: “Béa, umeivalisha nyumba sketi!” Walicheka mpaka samaki wakaungua. Jumatatu tulibomoa sote.

Mwezi uliopita tulikutana karibu na uwanja wa Flagey kwa uchaguzi. Wamenipa mimi. Jeroen ndiye aliyenipendekeza, na alichosema ni kwamba akiwa na mimi atajua mambo yanapoharibika, maana nitamwambia mwenyewe. Nilikwenda Matonge, mtaa wetu Wakongo hapa Brussels, nikala bukari, ugali wa kwetu, na samaki kwa niaba yako, nikabakiza kichwa kama ulivyokuwa ukinibakizia. Ninakukosa sana, Tonton. Sana.

Lakini usiwe na wasiwasi na timu, naiweza. Nakuahidi nitauliza wenye mahali kabla sijapiga msumari, na siku ya mapumziko nitakwenda kuvua samaki na wenzangu, hata kama sijui kuvua.

Leo ni Jumapili. Sanduku la vifaa nimelifunga, nyundo imelala. Nawe lala, Tonton wangu.

Béa